Vita ya Visima: Upelelezi Mpakani mwa Kilimanjaro, 1914–1916

Salaita ni kilima cha kawaida tu. Ukitoka Voi kwenda Taveta unakikuta safari ikikaribia kwisha, kimekaa peke yake kwenye tambarare ya vichaka, na abiria wengi hukipita macho yao yakiwa kwa Kilimanjaro. Asubuhi ya tarehe 12 Februari 1916, jeshi la Uingereza la watu wapatao 6,000 lilikisogelea likiwa na taarifa fupi ya wapelelezi: pale pana askari 300 wa Kijerumani, na mizinga hawana.

Walikuwapo zaidi ya 1,000, wakiwa na bunduki za rashasha, na wala hawakuwa juu. Mahandaki yaliyoonekana kileleni yalikuwa danganya toto. Ya kweli yalichimbwa chini, kwenye miguu ya kilima, yakafichwa kwa vichaka vya miiba. Mizinga ya Waingereza ikakitwanga kilele bila kumdhuru mtu wa maana, kisha askari wa miguu kutoka Afrika Kusini, wageni kabisa wa nchi hii, wakaingia kwenye risasi ambazo hawakuona zinatoka wapi. Alasiri walikuwa wakirudi nyuma mbio, wakikingwa na Wabaluchi wa jeshi la India. Hasara ya siku hiyo ilikuwa watu karibu 170, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea.

Vita ilikuwa na miezi 18 tayari. Kwa muda wote huo majeshi mawili yalikuwa yakichunguliana katika nchi ileile, na ndege za upelelezi zilikwisha kuruka juu ya kilima chenyewe. Iweje basi watu zaidi ya 1,000 wahesabiwe 300?

Jibu linaanzia kwenye nchi, si kwenye ofisi za upelelezi. Mpaka kati ya Afrika Mashariki ya Waingereza na ile ya Wajerumani ulitokana na mapatano ya London na Berlin ya mwaka 1886: mstari kutoka pwani, mdomoni mwa mto Umba, ukipanda kaskazini magharibi, ukiuzunguka mlima, kisha ukinyooka hadi Ziwa Viktoria. (Ile hadithi ya malkia kumzawadia mjukuu wake Kilimanjaro siku ya kuzaliwa haina ukweli, ijapokuwa waongoza watalii hawataiacha leo wala kesho.) Mlima ukabaki kwa Wajerumani, Taveta chini yake ikabaki kwa Waingereza. Vita ilipoanza, Wajerumani waliiteka Taveta ndani ya Agosti 1914, na kwa mwaka mmoja na nusu uliofuata kipande hicho cha ardhi ya Waingereza kilikuwa mlango wao.

Upande wa Wajerumani palikuwa na mlima wenye mito, migomba na vyakula, na reli ya kutoka Tanga iliyofika Moshi. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka nguvu zake hapo. Upande wa Waingereza palikuwa na vilima vya Taita, navyo vina maji, halafu reli ya Uganda iliyobeba kila kitu kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Katikati ya mlima na reli kuna nyika ya kilomita kama 100: miiba, faru, ardhi nyekundu, na maji ya kubahatisha. Baada ya mvua, mashimo ya mawe hushika maji kwa majuma kadhaa. Kiangazi kikiingia, shimo lililokuokoa Mei litakuua Septemba.

Katika nchi ya namna hiyo, kazi ya mpelelezi hubadilika. Idadi ya adui ina umuhimu wake, lakini kabla ya hiyo kuna swali gumu zaidi: atakunywa wapi? Ukijua visima vyote vilivyo hai mwezi huu, umejua njia zote ambazo jeshi linaweza kupita, maana nyingine zote hazipitiki. Na ukijua ni nani aliyekunywa jana, umejua karibu kila kitu.

Waingereza walifunzwa somo hili mapema, pale Longido, kaskazini magharibi ya Kilimanjaro. Tarehe 3 Novemba 1914, wakati wenzao wakishambulia Tanga, askari wapatao 1,500 walitembea usiku kutoka Namanga ili waukwee mlima wa Longido alfajiri. Wapelelezi walikuwa wamewaambia kwamba adui ni kama 200. Alikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Hata hivyo kilichoivunja safari ile si risasi. Nyumbu waliobeba maji walishtuka kwa milio ya bunduki, wakatimua mbio na mizigo yao. Kufikia jioni kikosi kizima kilikuwa na kiu juani, kwenye mlima ambao chemchemi zake zilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Wakashuka, wakarudi Namanga. Majuma mawili baadaye Wajerumani waliondoka wenyewe, na Longido ikachukuliwa bila kupigana.

Wajerumani nao walilitumia somo hilo kwa njia ya kinyume: kama nyika ni ngumu kwa kikosi kikubwa, ni rahisi kwa kikosi kidogo. Kuanzia mwaka 1915 walituma doria za watu kama kumi hivi, Mzungu mmoja au wawili, askari wachache na wapagazi, zivuke nyika hadi reli ya Uganda na kuilipua. Nyingine zilifuata mto Tsavo, wa hakika kwa maji lakini wa hatari, kwa sababu Waingereza pia walijua kwamba mtu mwenye kiu ataufuata. Nyingine zilikata moja kwa moja kwenye ukavu. Mzigo mkubwa wa mpagazi haukuwa baruti, ulikuwa maji: kwenda siku kadhaa, kulala kichakani karibu na reli, kutega, kurudi. Doria iliyokosea hesabu ya vibuyu haikurudi, na Lettow mwenyewe aliandika baadaye juu ya watu wake walioishia kunywa mkojo.

Mchezo wa reli ulikuwa na ujanja wa pande zote mbili. Waingereza walipochoka kupoteza vichwa vya treni, walianza kusukuma mbele ya kichwa mabehewa yaliyojazwa mchanga, ili mtego ulipukie mchanga. Wajerumani wakajibu kwa kutengeneza mitego iliyosubiri: inahesabu magurudumu yanayopita juu yake, inayaacha mabehewa ya mchanga yaende zake, kisha inalipuka chini ya kichwa chenyewe. Lakini ili utege hivyo ni lazima mtu awe amelala kichakani siku nzima akiitazama ile treni inavyopangwa. Wengi wanapozisoma habari hizi huona hujuma peke yake. Kwangu mimi kila doria ilikuwa kwanza ya upelelezi, na baruti ilikuwa nyongeza. Iliporudi Taveta ilikuwa imejua ni kituo kipi kina walinzi, daraja lipi limeachwa, na dimbwi lipi limekauka tangu safari iliyopita.

Na ni nani aliyekuwa akiyaona haya? Kwenye vitabu vingi utakuta jina la ofisa wa Kizungu. Fikiria hali yenyewe. Ofisa yule ana miaka miwili au mitatu katika nchi hii. Ramani yake ina nafasi nyeupe. Mbele yake anatembea mtu ambaye amewinda tembo hapa tangu ujana wake. Anapofika kwenye njia ya wanyama, mtu huyu husimama, huinama, halafu hutoa taarifa kamili. Nyayo zimepita kabla ya umande, kwa sababu matone yameanguka juu yake na kuzitoboatoboa. Wenye viatu ni wawili, wenye ndala ni kumi na zaidi, na hawa wa peku wamekanyaga kwa kisigino kirefu, maana yake wamebeba mzigo mzito. Basi ndio kwanza wanakwenda. Kama wangekuwa wanarudi, mguu ungekuwa mwepesi. Moto wao wa jana ulikuwa mdogo, tena wameufukia: hawa si wasafiri. Taarifa ya namna hiyo haina chombo cha kuipiku hadi leo, na mwaka 1915 haikuwa na mpinzani kabisa.

Upande wa Waingereza walianza kwa kuwatumia walowezi na wawindaji waliokuwa na Kiswahili na mazoea ya porini. Lord Delamere, bwana mkubwa wa walowezi, alipewa mwanzoni mwa vita kazi ya kuuangalia mpaka wa Umasaini, na macho yake yalikuwa vijana wa Kimasai. Mpaka ule ulikuwa umewakata Wamasai katikati, ndugu huku na ndugu kule, ng'ombe wakifuata majani bila kuulizwa hati. Habari zilitembea pamoja na mifugo. Mfugaji hana budi kujua kisima kipi kina maji na ni nani amekikalia. Ni kazi yake ya kila siku, vita iwepo isiwepo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa anajua, basi yuko upande wako. Wamasai walikuwa wamehamishwa kutoka malisho yao mara mbili katika miaka kumi iliyotangulia vita, na serikali ileile ilipotaka kuwaandikisha jeshini kwa nguvu mwaka 1918, vijana wao walikataa na damu ikamwagika.

Hapa ni lazima nimtaje Richard Meinertzhagen, kwa sababu kila anayegusa habari hizi hukutana naye. Alikuja na jeshi la India lililoshindwa Tanga, kisha akakabidhiwa upelelezi wa Waingereza katika Afrika Mashariki. Shajara zake, zilizochapishwa miaka mingi baadaye, zimejaa vituko vitamu. Maarufu kuliko vyote ni kile cha vyoo: anasema Wajerumani, kwa kukosa karatasi za msalani, walijifutia barua na amri za kijeshi, naye akawalipa watu wakamwokotee karatasi hizo, akazisafisha, akazisoma. Anadai kwamba alipata humo hata alama za siri za mawasiliano.

Ninaiamini mbinu yenyewe zaidi kuliko msimuliaji wake. Taka za jeshi huwa zinasema mengi, na jeshi lililozungukwa baharini na manowari za adui linaweza kabisa kuishiwa karatasi. Ila Meinertzhagen ni mtu wa kusomwa kwa tahadhari. Wanandi wanamjua tangu Oktoba 1905, alipompiga risasi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kwenye mkutano ulioitwa wa mapatano. Wataalamu wa ndege waliochunguza mkusanyo wake mkubwa wa ngozi za ndege walikuta nyingi ni za wizi, zimebandikwa vibandiko vipya vyenye mahali na tarehe za uongo. Mtu anayeghushi alikotoka shomoro ataachaje kuremba vita yake? Na hata tukimkubalia kisa cha vyoo neno kwa neno, kinachokosekana ndicho kikubwa: aliyeingia kwenye kambi ya adui na kuinama juu ya shimo hakuwa yeye. Alikuwa mpagazi, mpishi au mfagiaji, ambaye angekamatwa angenyongwa, na ambaye shajara haikuona haja ya kumpa nafasi.

Wapagazi, kwa kweli, walikuwa hazina ambayo ofisa mwenye akili angeanza nayo. Jeshi la wakati ule lilitembea juu ya vichwa vya watu. Mpagazi mmoja hubeba kilo 25 hivi za unga, na askari hula karibu kilo moja kwa siku. Kwa hiyo mpagazi akikuambia kwamba wao walikuwa thelathini na wanapeleka unga kambi fulani kila siku mbili, huhitaji ndege. Chukua kidole uhesabu.

Hesabu hii ndiyo inayonirudisha Salaita. Kilima kile ni kikavu, na kila tone lililonywewa pale lilibebwa kutoka upande wa Taveta na mto Lumi. Watu 300 na watu 1,300 hawanywi sawa. Kwenye joto la Februari, tofauti yao kwa siku ni maelfu ya lita, na maelfu ya lita ni mamia ya safari za watu wenye mizigo kichwani, wakipita njia ileile, mchana au usiku, wakiacha vumbi na nyayo. Kikosi kikubwa hakiwezi kulificha hilo kwa muda mrefu kutoka kwa mtu anayejua kusoma ardhi. Mahandaki yanafichika, kiu haifichiki.

Kwa nini haikuhesabiwa? Kwa sehemu ni ugumu halisi. Njia ya maji ilikuwa nyuma ya kilima, upande wa adui, na doria za Wajerumani zilikuwa kali. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni ndege. Chombo kipya kilileta picha, na picha ilionyesha mahandaki kileleni, safi, yanayohesabika. Ofisa anayeweza kushika picha mkononi hujisikia amejua. Taarifa ya mtu aliyetambaa usiku, inayosema tu kwamba njia ya Lumi imekanyagwa sana, haina uzito huo mezani. Wajerumani walilifahamu hilo: mahandaki ya kileleni yalichimbwa kwa ajili ya macho ya mbali, ya rubani na ya mwenye darubini.

La kushangaza ni kwamba aliyeongoza shambulio lile, Brigedia Jenerali Wilfrid Malleson, hakuwa mgeni wa upelelezi hata kidogo. Alitumikia miaka kadhaa katika tawi la upelelezi la makao makuu ya jeshi la India. Na Salaita haikuwa mara yake ya kwanza kuteleza hapo: Julai 1915 aliongoza shambulio la Mbuyuni, mashariki ya Salaita, akalikuta jeshi la Kijerumani limejichimbia, akarudi mikono mitupu.

Waingereza walipofanikiwa baadaye, walifanikiwa kupitia maji. Walikuwa wamejenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta, ikafika Maktau katikati ya 1915, na pamoja nayo wakalaza mabomba ya maji kutoka vilima vya Bura, kwani bila hayo hakuna jeshi kubwa ambalo lingekaa pale. Machi 1916, Jan Smuts, kamanda mpya wa Waingereza aliyekuwa ametoka kushuka Mombasa, hakuishambulia Salaita kwa mbele tena. Alimtuma Jenerali van Deventer na askari wa farasi wazunguke kaskazini hadi Ziwa Chala na mto Lumi wa juu, yaani hadi kwenye maji yaliyo nyuma ya bega la adui. Salaita ikahamwa bila risasi za maana, Taveta ikafuata, na baada ya mapigano mabaya ya usiku kwenye upenyo kati ya vilima vya Latema na Reata, Moshi ikaanguka. Wakati huohuo safu nyingine, chini ya Jenerali Stewart, ilikuwa ikiuzunguka mlima kutoka Longido ili imfungie Lettow nyuma. Ilikwenda polepole mno, ikafika adui amekwisha kuondoka. Smuts alimlaumu Stewart. Waliotembea njia ile walijua kwamba mtu anayepapasa nchi asiyoijua hakimbii.

Gharama ya habari mbaya, hata hivyo, hailipwi na aliyeitoa. Kusini ya reli, kati ya Voi na mpaka, kuna mlima wa Kasigau, unaopanda ghafla kutoka kwenye nyika hadi zaidi ya mita 1,600. Una maji, na ukiwa juu unaona mbali hadi kwenye reli. Kila upande uliutaka. Wakasigau, watu wa jamii ya Wataita, walikuwa wakiishi pale kabla ya mpaka kuchorwa. Mwaka 1915 Wajerumani walikishambulia kituo cha Waingereza mlimani hapo na kuwaua askari wake. Wakubwa wa Kiingereza wakajiuliza adui alijuaje, na jibu lililowajia haraka ni kwamba wenyeji wamesema.

Labda yupo aliyesema. Mwanakijiji anayekutana na watu kumi wenye bunduki kisimani huulizwa, na hujibu. Lakini kituo kile kilikuwa kwenye mlima unaoonekana kutoka pande zote, katika nchi ambayo doria za Kijerumani zilikuwa zikiikata kwa miezi, zenye wasomaji wa nyayo walio hodari kama nilivyoeleza. Hawakuhitaji msaliti. Adhabu haikumtafuta mtu mmoja wala wawili. Jamii nzima, wazee na watoto wachanga, iling'olewa mlimani ikapelekwa Malindi, kwenye joto na malaria ya pwani ambayo watu wa mlimani hawakuizoea. Wengi walikufa huko. Waliosalia hawakuruhusiwa kurudi Kasigau hadi miaka ya 1930, vita ikiwa imesahauliwa na makoloni ya Wajerumani yamekwisha kugawanywa.

Malleson, kwa upande wake, aliondoka kwenye uwanja wa Latema mapigano yakiendelea, akisema anaumwa, na Afrika Mashariki haikumwona tena vitani. Julai 1918 alitumwa Mashhad, kaskazini mashariki ya Uajemi, kuongoza ujumbe wa kijeshi mpakani na Urusi. Alistaafu akiwa Meja Jenerali, na Sir.